Kibofu cha Baba Kirimi

"Sema ukweli, Mutwiri. Huyo mwanamke ni wa Kangeta ama ni wa Maua?"

"Mwanamke gani? Ntinyari, usiniharibie jina. Majirani wanasikia."

"Wacha wasikie. Mtu mzima anasimama nyuma ya nyumba mpaka chai inapoa. Unasukuma, unaguna, mkojo unatoka tone tone. Kama hiyo si kisonono, ni nini?"

"Ni baridi imeniingia."

"Baridi ya hapa Laare inatupiga sisi wote. Kwani wewe ilikuchagua?"

Mutwiri alijifunga koti. Haki ya Mungu, hakuwa na mwanamke yeyote. Yeye maisha yake ni miraa tu. Asubuhi anachuma, halafu anaenda kibandani kukaa na wanaume wenzake, wanafunga miraa kwa majani ya ndizi huku wanatafuna. Ni hapo kibandani alipewa dawa. Rafiki yake Mbaabu alimwambia, "Ukikojoa kwa shida, hiyo ni baridi. Vaa koti, punguza maji, ongeza miraa mwili upate moto." Mutwiri akafuata hivyo hivyo. Koti hatoi hata jua likiwaka. Maji hagusi. Miraa anatafuna mpaka taya zinachoka. Na shida ikazidi kuwa shida.

Siku hiyo ya ugomvi, tangu aamke hakuna hata tone lililotoka. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama boga. Alitaka kumjibu mke wake tena, lakini maumivu yakamkata maneno. Akashika kiti, jasho likamtiririka.

Ntinyari alipoona hivyo, sauti ikashuka. "Baba Kirimi, kwani ni mbaya hivyo?"

Hakungoja jibu. Alitoka mbio mpaka kwa ua, akaita Gladwell. Gladwell ni jirani yao, na ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Nimesikia yote," Gladwell alisema akiingia. "Hata ng'ombe yangu imesikia. Baba Kirimi, ulikojoa lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Kidogo tu."

"Hiyo si ya kungoja. Unaenda hospitali sasa hivi."

"Kwa nani? Daktari wa hapo ni Mugambi. Alitahiriwa pamoja na Kirimi wangu. Nimvulie suruali?"

Kwa Wameru hilo si jambo la mchezo. Vijana waliotahiriwa pamoja ni rika moja, na baba wa mmoja ni baba wa wote. Baba hawezi kuvua nguo mbele ya watoto wake.

Gladwell hakucheka. "Daktari akivaa glavu hana rika," alisema. Akapiga simu, akaita bodaboda, kisha akaketi. "Pikipiki ikija, nataka uende ukijua unaenda kutibiwa nini."

Akaweka mkono chini ya kitovu chake mwenyewe, juu kidogo ya mapaja. "Hapa mbele kuna mfupa. Nyuma ya huo mfupa ndiyo kibofu kimekaa. Ni mfuko wa nyama. Figo ziko juu, huku mgongoni. Zinachuja damu, mkojo unashuka kwa mirija miwili mpaka kwa kibofu. Kikijaa kinafura kama puto. Hilo gumu kama boga unasikia hapo ni kibofu chako."

"Sasa mbona hakimwagi?" Ntinyari aliuliza.

"Chini ya kibofu cha mwanaume kuna tezi dume. Imezunguka njia ya mkojo kama pete kwa kidole. Mwanaume akizeeka, hiyo tezi inakua. Pete inabana, mkojo unakosa njia."

"Na mimi niko na hiyo tezi?"

"Wewe huna. Wewe nyuma ya kibofu uko na mfuko wa uzazi. Ukiwa na mimba ya Kirimi si ulikuwa unakimbia choo kila saa? Mtoto alikuwa anakalia kibofu."

Ntinyari aliangalia chini. "Kwa hivyo si kisonono?"

"Siwezi kuapa. Daktari atapima. Lakini mkojo ukifungwa hivi, unaweza kurudi juu uharibu figo. Hapo mtu anakufa kwa sababu ya aibu."

Mutwiri alisikia hilo neno, kufa. Pikipiki ilipofika alipanda bila kubishana.

Hospitalini, Mugambi alimsalimia kwa heshima, "Habari yako, baba," kisha akavaa glavu. Alipitisha mpira mwembamba kwa njia ya mkojo. Mkojo ukatiririka, boga likalala. Mutwiri karibu alie kwa raha. Baadaye Mugambi akampima kwa kidole, huku nyuma.

"Tezi iko mbele ya njia ya haja kubwa," alieleza. "Ndiyo maana tunaigusa kupitia huku. Ni kubwa lakini ni laini. Damu pia tutapima, tuhakikishe si kansa. Mkojo tumeshapima, kisonono hakuna. Na miraa, baba, inakaza mdomo wa kibofu. Mlango ulikuwa umebanwa na tezi, wewe ukaongeza kufuli."

Ntinyari alikuwa kando ya kitanda. Aliposikia kisonono hakuna, alishika mkono wa mume wake. "Nilikukosea," alisema.

"Na mimi nilikuficha," Mutwiri akasema.

Majibu ya damu yalikuja mazuri. Mpira ulitolewa, akapewa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo. Sasa anakunywa maji mchana, na miraa ameacha kutafuna. Kukojoa si vita tena.

Asubuhi moja Mbaabu alisimama nje akaita, "Mutwiri, toka. Miraa inakauka."

"Nakuja kufunga," Mutwiri akajibu akivaa viatu. "Kutafuna mtafune nyinyi."

"Watakucheka," Ntinyari alimwambia polepole. "Utawaambia nini?"

"Nitawaambia kibofu kiko mbele, choo kubwa iko nyuma, na tezi iko hapo chini inabana. Na huyo Mbaabu nimemwona akisimama nyuma ya kibanda, anaguna kama mimi. Leo ananisikiza, hata kama ni kwa lazima."

Akatoka, akafunga mlango.