Mama Nyanchera Hafungiwi

Kila asubuhi Nyanchera alikamua ng'ombe wake wawili mwenyewe, kisha akapeleka maziwa barabarani. Alikuwa mjane wa miaka zaidi ya sabini. Boma lake lilikuwa Nyansiongo, karibu na mashamba ya chai. Aliishi na Andrew, mwanawe wa mwisho, aliyeuza katika duka la vifaa vya ujenzi.

Siku moja ya mvua, Nyanchera aliteleza kwenye njia ya choo akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji. Akarudi nyumbani na dawa na fremu ya kutembelea.

Andrew aliingiwa na hofu. "Mama, usitoke nje tena," alisema. "Ukianguka mara nyingine tutakuzika."

"Na choo je?"

"Nimekununulia ndoo."

"Ndoo? Mimi?"

Andrew aliiweka ndoo karibu na kitanda. Asubuhi alipokwenda kazini, Nyanchera alisikia kufuli ikigonga mlango kwa nje. Mtoto aliyemzaa alikuwa amemfungia ndani!

Ikawa hivyo kila siku. Nyanchera alishinda ameketi kitandani. Miguu ikazidi kulegea. Ng'ombe mmoja aliuzwa bila yeye kuulizwa. Alilia kwa hasira, si kwa maumivu.

Mchana mmoja alitaka chai. Alijikokota hadi kwenye jiko la mafuta, akaliwasha. Pazia likashika moto. Moshi ukajaa chumba. Nyanchera aliusukuma mlango, lakini haukufunguka.

"Nisaidieni! Naungua!"

Jirani yake, Nyamoita, alikuwa akikata nyasi za ng'ombe. Alikuja mbio, akavunja kufuli kwa jembe, akamtoa nje. Kisha akauzima moto kwa maji ya pipa.

Andrew alipigiwa simu, akafika akihema. "Nani amevunja mlango wangu?"

"Mlango wako?" Nyamoita alifoka. "Mama yako angechomeka kama hindi, wewe unauliza mlango! Huna haya?"

"Nilikuwa namlinda."

"Yaya!" Nyanchera alipaza sauti kwa Kikisii. "Hapana! Hukunilinda. Ulinifunga. Hata mwizi akifungwa huambiwa atatoka lini. Mimi niliiba nini, Andrew?"

Andrew aliinama. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa karibu imuue mama yake.

Nyamoita alimweleza mhudumu wa afya wa kijiji. Wiki hiyohiyo akaja Jacinta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kazi yake ni kuwatembelea wagonjwa nyumbani. Alimsalimia Nyanchera kwanza, akaketi karibu naye.

"Mama, unataka kufanya nini wewe mwenyewe?"

"Yeye hawezi..." Andrew alianza.

"Subiri kidogo, ndugu yangu. Nimemwuliza mama."

"Nataka kwenda choo kama mtu," Nyanchera alisema. "Nataka kupika. Nataka kumwona ng'ombe wangu aliyebaki."

Jacinta alimgeukia Andrew. "Mlipotoka hospitali, nani aliwaonyesha mazoezi? Nani aliwauliza choo chenu kikoje?"

"Hakuna. Tuliambiwa twende nyumbani."

Jacinta alikunja uso. "Hilo si haki! Mgonjwa wa nyonga harudishwi nyumbani bila maelezo. Siku nyingine msiondoke. Ulizeni, na muulize tena."

"Lakini akitembea, si ataanguka?"

"Anaweza kuanguka. Hata wewe unaweza. Ila mtu anayekaa tu huanguka upesi zaidi, kwa sababu miguu inakosa nguvu. Tutapunguza hatari. Hatutamfungia."

Walizunguka boma pamoja. Jacinta alitoa mkeka uliojikunja sakafuni. "Huu unakwaza miguu," alisema. Andrew alimwaga kokoto kwenye njia ya choo, akaweka vyuma vya kushikilia hadi mlangoni. Ndani ya choo alijenga kiti imara juu ya shimo. Jiko lilihamishiwa juu ya meza nzito, mbali na pazia. Taa ikawekwa karibu na kitanda. Simu ya Nyanchera ilitiwa katika mfuko wa kuvaa shingoni. Ufunguo wa kufuli mpya akapewa yeye mwenyewe, na wa pili akapewa Nyamoita.

Kisha yakaja mazoezi. Nyanchera alishika meza, akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Inauma!"

"Pole, mama. Pumzika. Tukirudia kila siku utapata nguvu. Maumivu yakizidi, acha, unipigie."

Mwanzoni Andrew alimfuata mama yake kila mahali, mikono ameinyosha kama anayemshika kuku. Nyanchera alimfukuza. Polepole alianza kupika ugali wake. Akaenda choo peke yake. Akaiacha fremu, akatumia mkongojo.

Miezi ikapita. Wafugaji wa pale waliitwa kwenye mkutano na mwenyekiti wa chama chao cha maziwa. Gari la chama la kuchukua maziwa lilikuwa likichelewa, maziwa yakiharibika, na hasara ikawa ya mfugaji. Wengi walinung'unika chini kwa chini. Nyanchera akasimama kwa mkongojo wake.

"Sisi tunaamka alfajiri," alimwambia mwenyekiti kwa sauti kubwa. "Nyinyi mnakuja jua likiwa kali, halafu mnasema maziwa yetu ni mabaya! Maziwa si mabaya. Gari lenu ndilo linalochelewa!"

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti aliahidi gari lingefika mapema.

Andrew alikuwa mlangoni mwa ukumbi, amekuja kumchukua. Alimsogelea ili amshike mkono.

"Tangulia," Nyanchera alimwambia. "Bado nina maneno na huyu mwenyekiti."