Vyoo Viwili vya Mzee Ndalahwa

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Ruti alifungua ofisi ya kata, akafuta vumbi mezani, akaandika kwenye daftari lake la mafunzo kazi atakayofanya. Ndivyo ilivyokuwa, bwana, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tatu, katika kata moja ya huko bondeni upande wa Kamsamba, kwenye joto linalowakimbiza mbuzi kivulini saa tatu tu. Na Ruti mwenyewe ni mtoto wa Iyula, kwenye kahawa na baridi.

Alikuwa anasoma chuo kikuu, mambo ya utawala, na chuo kilimtuma afanye kazi serikalini wiki nane. Msidhani ni matembezi. Mafunzo yale yana alama zake, kama somo la darasani kabisa. Mtendaji wa kata asiposaini daftari, alama hakuna, na bila alama huhitimu.

Mtendaji huyo, mama Stamili, aliwapa Ruti na mwenzake Luka, kijana wa Tunduma, kazi ya kuhesabu vyoo, maana mwaka uliotangulia kipindupindu kilikuwa kimepita.

"Mnaingia kila nyumba, mnakiona choo kwa macho," aliwaambia. "Sio kuulizia barabarani."

Wakagawana vitongoji, kila mmoja upande wake. Nyumba arobaini na moja Ruti aliziingia vizuri. Zikabaki sita za wafugaji, ng'ambo ya mbuga. Jua linachoma, kiatu kimekata kisigino. Akasimama barabarani, akachungulia. Akaona nyumba, akaona zizi, choo hakuona. "Hawa watu wa ng'ombe, choo watakuwa nacho wapi?" akajisemea. Akaandika hakuna, hakuna, mpaka zikatimia sita. Akarudi zake kunywa maji.

Jumapili majina ya wasio na vyoo yakasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Jumatatu mzee Ndalahwa, mmoja wa wale wafugaji wa ng'ambo ya mbuga, huyo ofisini, fimbo mkononi.

"Nani kaandika Ndalahwa hana choo?"

"Karibu kiti, mzee," alisema mama Stamili.

"Sikai! Jina langu limesomwa mbele ya wakwe zangu. Wakwe, mama! Wametoka Ivuna kuleta maneno ya harusi, wanasikia Ndalahwa anajisaidia porini. Nina vyoo viwili! Kimoja changu na mama watoto, kimoja cha wakamwana, wake za wanangu, maana kwetu mkwe na mkamwana hawachangii choo. Viwili! Wewe mwenye ofisi una vingapi?"

"Kimoja," alisema mama Stamili, "na mlango wake umeng'oka."

Luka akamnong'oneza Ruti. "Dada, kausha. Sema mwenyekiti wa kitongoji ndiye alikupa majina. Mwalimu wa chuo anakuja Alhamisi, utajichomea alama."

Ruti aliona miaka yake mitatu ya chuo ikining'inia pale. Lakini alimwona na yule mzee, aliyevuka mbuga yote kwa fimbo kuja kulitetea jina lake. Akasimama.

"Shikamoo, babu. Ni mimi. Sikufika kwako. Niliandikia barabarani."

Mzee akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. "Marahaba. Kumbe mtoto! Miguu ilikuwa inauma?"

"Jua, babu."

"Ng'ombe wangu wanalijua hilo jua, na hawajawahi kumsingizia mtu."

Mama Stamili hakucheka. "Ruti, andika ulichofanya kwenye daftari lako. Kesho unaziingia nyumba zote sita. Alhamisi tunaitisha mkutano, unasimama wewe. Baada ya hapo ndiyo tutaongea habari ya kusaini."

Basi kesho yake Ruti akavuka mbuga mapema. Mzee Ndalahwa alimwonyesha vyoo vyake nyuma ya zizi, na kopo la maji na sabuni, kwa maringo kama anaonyesha madume. Katika zile sita, nne zilikuwa na vyoo. Mbili kweli hazikuwa navyo, na Ruti akakaa na wenyewe mpaka wakakubaliana mahali pa kuchimba.

Alhamisi alisimama mbele ya kijiji, akasema kosa lake, akasoma majina upya. "Mmesikia, wakwe?" alipaza sauti Ndalahwa, akiwageukia wageni wake wa Ivuna, waliokuwa hawajaondoka bado. "Viwili!" Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu wa chuo alikuwa ameketi nyuma kabisa. Mkutano ulipoisha akalisoma daftari, ukurasa kwa ukurasa.

"Kosa hili umeliandika kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wiki hiyo nakupa sifuri. Nyingine zote umefanya kazi, alama zako unazo. Malizia wiki mbili zilizobaki."

Na wiki ya nane mama Stamili akalivuta daftari, akasaini. "Ruti, mwanangu," alisema, "mtu wa huku hamjui waziri. Anakujua wewe uliyekuja na kalamu. Karatasi yako inaaminiwa kuliko mdomo wake, hata akilia. Kwa hiyo usiandike nyumba ya mtu kabla hujaingia mlangoni kwake. Nenda ukahitimu, halafu urudi. Kazi ipo."

Ruti alipokea daftari kwa mikono miwili.