Chumba cha Giza cha Bibi Ising

Kila asubuhi, kabla jua halijawaka juu ya mashamba ya mpunga, Dalisay alimsikia bibi yake jikoni akigombana na majani ya migomba. Bibi Ising alikuwa akipika suman, mchele wa kunata wenye tui, na kuufunga kwenye majani hayo. Dalisay ndiye aliyempelekea bidhaa yake mlangoni pa kanisa kabla ya misa.

"Hili jani limechanika?" bibi aliuliza huku akilipapasa.

"Limechanika, Bibi."

"Si ungesema mapema! Au unataka watu wauziwe uji?"

Bibi Ising alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na jicho la kulia lilikuwa limeziba kabisa. Lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Alijua nani ni mjukuu wa nani, nani aliolewa mwaka wa kimbunga, na nani alimnunia nani harusini. Kwa hiyo Marilou, mama yake Dalisay, alipompatia nafasi ya upasuaji katika hospitali ya mjini, nyumba nzima ilifurahi. Kilichobaki ni macho tu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bibi alimsimulia daktari habari za ukoo mzima mpaka akaombwa anyamaze kidogo. Alipotolewa, jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kwa kikombe cha plastiki. Nesi Gilda, msichana mwembamba mwenye sauti kavu, akawaketisha Marilou na Dalisay.

"Mama, nisikilize. Jicho tumelishughulikia sisi, ila akili yake mtailinda ninyi. Mzee akitoka kwenye upasuaji huchanganyikiwa kwa urahisi. Mchana fungueni madirisha. Kile kimashine kinachomsaidia kusikia kisitoke sikioni. Ongeeni naye, mwambieni leo ni siku gani, mpeni maji, mtembezeni ndani ya nyumba. Na dawa yoyote inayoleta usingizi, hata ya mafua, msimpe bila kutuuliza."

"Sawa, nesi," mama akajibu. Lakini moyo wake haukukubali.

Kwetu sisi akina mama huogopa binat kuliko ugonjwa wenyewe. Binat ni ule ugonjwa unaomrudia mtu aliyeharakisha kuinuka: mzazi aliyefua nguo mapema, au mgonjwa aliyepigwa na upepo. Tumeshuhudia watu wakizikwa, tukaambiwa ni binat iliyowaua. Basi walipofika nyumbani, Marilou alifunga dirisha la chumba, akatundika blanketi juu yake, akamlaza mama yake chali. Kile kimashine cha sikio akakitia ndani ya kopo la biskuti.

"Mama, lakini nesi alisema..." Dalisay alianza.

"Yule nesi amezaa watoto wangapi? Kelele zitamchosha bibi yako. Wewe kaa hapo mlangoni. Akitaka kitu, mpe. Usimpigishe soga."

Kisha mama akaenda kazini, kwenye kiwanda cha kukausha samaki.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa tano, wakati wa maandamano ya maua ya kumheshimu Bikira Maria. Dalisay alikuwa amechaguliwa kubeba taji la Bikira, na mazoezi yalifanyika kanisani kila mchana. Lakini bibi hakumpa nafasi hata ya kupumua.

"Dalisay! Ni usiku? Mbona giza hivi?"

"Ni mchana, Bibi!"

"Eh? Mbona hunijibu? Mmekwenda wapi wote?"

Hakusikia, na hakuona. Aliita tena na tena, huku akipapasa ukuta. Rafiki yake Dalisay, Rowena, akachungulia mlangoni akicheka.

"Haya, malkia wa chumbani! Unabweka au unalinda tu? Wakikukosa leo tena, taji nalibeba mimi. Na mimi mikono ninayo!"

Rowena alipoondoka, Dalisay alitazama rafuni. Ilikuwapo chupa ya dawa ya kikohozi, ile ambayo mwaka jana ilimlaza yeye mwenyewe kama gogo. Akajaza kifuniko kimoja.

"Bibi, kunywa. Dawa ya jicho."

Bibi akanywa. Alipoanza kukoroma, Dalisay alikimbia kanisani.

Jioni mama aliuliza, "Amesumbua?"

"Hapana, Mama. Amelala tu vizuri."

"Unaona? Mwili unapumzika. Hapo binat haimpati tena."

Uongo ukishasifiwa, huwa mtamu. Kesho yake Dalisay alimpa bibi kifuniko kimoja asubuhi na kingine mchana, na siku iliyofuata akaongeza tena. Maji alisahau kumpa, maana anayelala haombi maji.

Ndipo mambo yakaanza kuharibika. Bibi Ising alimwita mumewe, aliyezikwa zamani, akamwambia afukuze panya darini, na panya hawakuwapo. Marilou alipomletea uji, bibi alimtemea.

"Wewe nani? Umeingiaje kwangu? Mwizi wewe!"

"Ni mimi, Mama. Marilou, mwanao."

"Marilou yuko shuleni! Toka!"

Akavuta kile kikombe cha plastiki, akalisugua jicho kwa kiganja mpaka likavimba. Mjomba Berto, kaka yake Marilou, aliitwa asaidie.

"Ni uzee huu, dada," alisema. "Umeshaingia kichwani. Tumfunge mikono, la sivyo atajing'oa jicho."

Wakararua shuka. Yule mama aliyewalea wote wawili wakamfunga mikono kwenye kitanda cha mianzi, Marilou akilia, Berto akitazama pembeni.

Walipotoka kwenda kutafuta pikipiki ya kumleta mganga wa mitishamba, Dalisay aliachwa chumbani. Bibi alikuwa ametulia. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Akamtazama mjukuu wake kwa jicho moja, akasema kwa sauti ya mtoto mdogo:

"Mama, nifungue. Nimekosa nini? Sitarudia tena, Mama."

Bibi yake alikuwa akimwomba msamaha yeye.

Akaichukua chupa, akakimbia hadi njiani.

"Mama! Siyo uzee! Nimempa hii. Kila siku nimempa, ili alale, niende mazoezini. Nimekudanganya."

Marilou aliitazama ile chupa. Mkono wake ukainuka, ukabaki hewani, kisha ukashuka.

"Berto," alisema, "achana na mganga. Tunakwenda hospitali."

Hospitalini, Nesi Gilda alisoma maandishi ya chupa, akauliza ni vifuniko vingapi na lini. Dalisay alisema yote. Marilou naye, bila kuulizwa, akasema habari za blanketi na kopo la biskuti.

"Mngekaa kimya, tungehangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo," nesi alisema. "Dawa hii humvuruga mzee akili. Ongeza kiu, giza na kutosikia, basi akili inakosa pa kushika."

Bibi akawekewa maji ya mshipani, akalazwa karibu na dirisha, na kimashine kikarudishwa sikioni. Dalisay alikaa ubavuni mwake akimwambia habari za leo, za kuku, za mvua. Kwanza bibi alimjibu matusi, baadaye maneno yaliyokatika. Asubuhi moja akasema:

"Dalisay, nywele zako hazijachanwa. Una mama wewe?"

Marilou alitoka nje ili alie.

Lakini si kila kitu kilirudi. Jicho lililosuguliwa lilibidi lishonwe, na mpaka leo linaona ukungu. Majina mengine yalipotea. Bibi huyatafuta katikati ya sentensi, na asipoyapata hunyamaza. Na siku waliyorudi nyumbani aliuliza, akitazama alama za mikononi mwake:

"Nani alinifunga?"

Mjomba Berto akajikohoza. "Labda uliota, Mama."

"Hakuota," Marilou alisema. "Ni sisi, Mama."

"Na mimi ndiye niliyekunywesha dawa, Bibi," Dalisay alisema huku akilia.

Bibi akazipapasa zile alama. "Nami nimemtukana marehemu mume wangu siku zote hizo, nikidhani ndiye aliyenifunga," akasema. "Masikini wa Mungu."

Hakuna aliyecheka. Jioni hiyo Marilou alimketisha binti yake kizingitini.

"Wewe ulimlaza ili upate kucheza. Mimi nilimnyima mwanga na sikio lake, nikajiambia ndiyo mapenzi. Yeye hakujua lipi ni lipi, yote yalikuwa giza tu. Mwanangu, mgonjwa mzee haachwi peke yake gizani, na halazwi kwa dawa ili sisi tupumzike. Ukikosea kwenye dawa, sema saa ile ile, hata kama unajua utachapwa. Kofi hupoa. Lakini akili ya mzee ikimwagika, unaona mwenyewe: hatukuizoa yote."