Alinitoa Kwenye Lifti, Halafu Akaja Kumposa Mjukuu Wangu

"Toka!"

Jamani, neno hilo niliambiwa mimi, Anusabai, ndani ya lifti ya jengo ninalolala na kuamka!

Nikadhani anaongea na mbwa. Nikatazama chini... hakuna mbwa.

"We bibi, husikii? Watumishi wanapanda lifti ya nyuma. Tangazo hilo hapo ukutani, au hujui kusoma?"

Kusoma najua. Darasa la nne nilimaliza, tena mwandiko wangu uliwahi kubandikwa ukutani. Shida ilikuwa moja tu: mdomo umejaa tambuu, na mimi siongei na wajinga nikiwa natafuna.

Kabla sijameza, kijana, aliyekuwa na mama mmoja na mwanaume mnene nyuma yake, akanishika kiwiko kwa vidole viwili, vile unavyomshika panya aliyekufa, kwa mkia. Akanitoa nje. Mfuko wangu ukaanguka, majani ya uwatu yakamwagika sakafuni.

Mlango ukaanza kujifunga. Nikamwona anatoa kichupa mfukoni, anajipaka dawa ya mikono...

Kisa? Amenigusa!

Sasa kaeni vizuri kwenye viti vyenu, maana hapo bado hamjasikia kitu.

Kijana huyo nilimjua. Nusu ya jiji letu la Pune inamjua. Ni Rutvij, mwanafunzi wa chuo, yule wa "Tafakuri za Mwanafunzi." Kila asubuhi anaamka, anachana nywele, anapiga picha anatazama dirishani kama aliyesahau funguo, halafu anaandika mtandaoni kuhusu nchi. Mitihani imevuja, yeye ana uchungu. Vitunguu vimepanda bei, yeye ana uchungu. Mfanyakazi wa ndani kanyweshwa chai kwenye kikombe cha peke yake, eti asiguse vya wenye nyumba, hapo ndiyo anakaribia kulazwa hospitali.

Wafuasi wake ni malaki. Na mfuasi namba moja ni mjukuu wangu Ketaki, anayenisomea tafakuri hizo kila siku mpaka chai yangu inapoa.

"Bibi, sikia alivyoandika leo! Huyu ndiye mwanaume anayeona watu!"

Anaona watu. Haya.

Na siku hiyo, wadau wangu, Rutvij alikuwa anakuja kwetu na mama yake na mjomba wake... kumwona Ketaki ili amuoe!

Na mimi nilikuwa nimetumwa sokoni kuwatafutia kotimiri ya kunyunyizia chakula chao, na uwatu wetu wa jioni.

Mtaniuliza, kwani alinionaje mtumishi? Ilikuwa wiki ya Diwali. Nilikuwa nimevaa sari yangu kuukuu ya kufutia vumbi, na mkononi nina ufagio mpya. Ufagio huo ni wa kuabudiwa. Siku ya Lakshmi, mungu wetu wa utajiri, tunauweka mbele ya taa, tunaupaka wekundu, tunauinamia. Kila nyumba ya hapa inanunua wiki hiyo, hata ya mama yake Rutvij. Lakini yeye alipouona mkononi kwa kizee chenye sari iliyochakaa, hakuona Diwali. Aliona mfagizi.

Tena ningekuwa mfagizi, ndiyo nini? Mfagizi hana magoti yanayouma?

Nikaokota uwatu wangu, nikangoja lifti ishuke, nikapanda hiyo hiyo. Nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Nikamkuta Ketaki kavaa sari ya kijani, maua kichwani, simu mkononi... analia!

"Mama yangu wee, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi. Ni furaha! Wameshafika, wako sebuleni na Baba. Na Rutvij kaandika sasa hivi, akiwa pale pale kwenye kochi! Sikia."

Akasoma kwa sauti ya kutetemeka:

"Leo, kwenye lifti ya jengo moja la kifahari, nimeshuhudia bibi mzee akifukuzwa kama mnyama. Alikuwa na ufagio mpya na mfuko wa majani ya uwatu. Nilimshika mkono. Machozi yalinitoka. Ewe nchi yangu, utawaona lini watu hawa?"



Nikauegemeza ufagio mpya ukutani, taratibu.

Nikaweka mfuko mezani. Tawi moja la uwatu likachungulia nje, kama linataka kutoa ushahidi.

Ketaki akatazama ufagio. Akatazama mfuko. Akanitazama mimi.

"Bibi... ulifukuzwa kwenye lifti?"

"Nilifukuzwa."

"Na nani?!"

"Na mwandishi mwenyewe."

"Haiwezekani."

"Mikono yake inanuka dawa. Nenda kainuse."

"Lakini anasema alikushika mkono!"

"Kiwiko. Kwa vidole viwili."

Msichana akakaa juu ya gunia la mchele. Maua yake yakapinda. Niliwahi kumwona akilia kwa mtihani, akilia kwa paka... lakini siku hiyo hakulia. Alikauka tu, na hilo liliniuma kuliko lile la lifti.

"Nakwenda kumwambia Baba."

"Baba yako atasema umesikia vibaya na mimi nimezeeka vibaya. Anataka popoo ivunjwe leo leo. Ameshaiweka kwenye sahani ya fedha."

Tukatazamana. Wote wawili tunajua maana yake. Popoo ya posa, ile kokwa ngumu ya kutafunia tambuu, ikishavunjwa na kugawiwa pande mbili, neno limetoka. Ukirudi nyuma baada ya hapo, unatangazwa ukoo mzima, na binti ndiye anayebaki na jina baya, siyo kijana.

"Sasa tufanyeje, Bibi?"

"Nipe trei ya maji."

"Na sari hiyo?"

"Sari hii hii."

Nikaingia sebuleni. Mwanangu Shirish aliponiona na ile sari alitaka kuzimia, lakini angesema nini mbele ya wageni? Huyu mtumishi ni mama yangu? Akameza mate. Kazi yake hiyo, kumeza.

Mjomba mtu amejaa kwenye kiti. Mama mtu ametandaza sari kama duka limefunguliwa. Na Rutvij katikati, anahutubia!

"Shida ya nchi hii, mzee wangu, ni kwamba hatutazamani machoni..."

Nikasimama mbele yake na maji.

Akachukua glasi.

Hakunyanyua uso.

"...tunapishana kama vivuli," akaendelea, akanywa, akairudisha glasi kwenye trei bila kutazama inakokwenda.

Sikilizeni, wenzangu. Mtu huyu alikuwa amenitoa kwenye lifti muda mfupi tu uliopita. Sari ile ile. Pua ile ile, yenye kipini kikubwa ambacho hata ndege akipita anakiona. Hakunitambua! Hakuwahi kunitazama hata mara moja.

Mjomba akaguna. "Anaongea kama redio huyu!"

Hapo nilikubaliana naye. Redio nayo haioni.

Ketaki akaingia na sahani za pepeta, ule mchele uliopondwa, zimekaangwa kwa vitunguu na karanga, kotimiri juu. Mama mtu akamkagua kuanzia kisigino.

"Umepika mwenyewe, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Chumvi imekaa. Na rangi yako nzuri, picha zilikuwa zinakuonea."

Nilitamani kumwongezea pilipili.

Basi mjomba, akijiona mtu wa kisasa kweli kweli, akafuta mdomo akasema, "Zamani binti alikuwa anaulizwa tu. Sisi siyo washamba. Binti, na wewe uliza swali lako!"

Ketaki akaweka trei chini. "Nina moja tu. Kwa Rutvij."

"Uliza chochote," Rutvij akatabasamu lile tabasamu la dirishani.

"Nimesoma ulichoandika sasa hivi. Yule bibi wa kwenye lifti... alikuwa na sura gani?"

Chumba kizima kikamgeukia. Na mimi nimesimama hatua chache mbele yake, nimeshika trei tupu, namtazama usoni.

Akafumba macho. Kweli tena, akafumba!

"Sura ile sitaisahau," akasema polepole. "Mdomo usio na jino hata moja. Macho yaliyofifia kwa njaa. Mikono inatetemeka... Alinitazama kana kwamba anasema, asante mwanangu."

Nikatabasamu. Meno yote, mekundu kwa tambuu, kama mlango wa hekalu siku ya sikukuu.

Ketaki akaziba mdomo.

Na ndipo mama yake Rutvij, mama wa watu, aliyekuwa anatafuna kwa raha zake, akauliza kwa nia njema kabisa:

"Bibi gani, Rutu? Yule mwenye ufagio uliyemtoa nje?"



Karanga ikavunjika kinywani mwa mjomba.

"Mama!" Rutvij akang'aka.

"Si ulisema atatuchafua? Mimi hata nilikwambia mwache tupande naye."

Shirish mwanangu, badala ya kushtuka, akacheka kile kicheko cha kufunika mambo. "Hahaha, mambo madogo hayo! Tuvunje popoo jamani. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeitoa. Ketaki, kamwite bibi yako." Akanikonyeza mimi nikabadili sari.

Rutvij akashika kamba hiyo kama anayezama. Akaruka juu! "Ndiyo! Baraka za bibi kwanza! Mjomba, shika simu, nirekodi nikigusa miguu yake. Watu wangu wanapenda sana mambo ya mabibi."

Mjomba akanyanyua simu.

Nikaweka trei mezani.

Nikatembea taratibu mpaka kwenye bembea yangu, ile ya mbao iliyoning'inia katikati ya sebule, ambayo ndani ya nyumba hii hakuna mwingine anayekaa. Nikakaa. Nikanyoosha miguu.

"Haya, inama. Na ile dawa yako ya mikono uiweke karibu."

Mjomba alikuwa bado anarekodi, maskini.

Rutvij akanitazama. Kwa mara ya kwanza! Nikaona rangi inamtoka usoni kama nguo ya bei rahisi kwenye maji ya moto.

"Wewe... wewe ndiye..."

"Mimi ndiye. Jino hata moja sina."

Akapiga magoti. Akaunganisha mikono. "Bibi, nisamehe! Bibi yangu, ningejua ni wewe..."

"Malizia."

"...nisingekutoa."

"Ningekuwa nani ndiyo ungenitoa?"

Redio imeishiwa betri.

Halafu akakasirika. Watu wa aina hii wakiishiwa aibu wanakimbilia sheria. Akasimama, akaelekeza kidole mlangoni.

"Lakini tangazo liko pale! Watumishi lifti ya nyuma! Sikuliandika mimi! Nimefuata sheria ya jengo lenu wenyewe!"

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipochapwa na mimi. Maana aliyeandika tangazo lile ni katibu wa jengo.

Na katibu wa jengo ni Shirish. Wa kumzaa mwenyewe.

Wote wakamgeukia. Shevanta, mama anayetufanyia kazi za ndani, alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo. Naye akamtazama. Akakikunja kitambaa. Kila siku anapanda lifti ya nyuma pamoja na mapipa ya taka.

"Mama," Shirish akaanza, "wakazi walilalamika..."

"Nyamaza. Zamu yako inakuja."

Nikavuta sahani ya fedha. Popoo imelala pale, imepakwa wekundu, inang'aa. Mama mtu akapumua. Mjomba akajikohoza. Shirish machoni ananiomba: ivunje, Mama, yaishe, tumeshawaambia watu.

Nikamtazama Ketaki. Akatikisa kichwa, kidogo tu. Hapana.

Nikatoa kikatio changu cha popoo kiunoni. Ka! Popoo ikakatika.

Shirish akafunga macho kwa shukrani.

Nikatandika jani la tambuu kwenye goti. Nikapaka chokaa. Nikapanga vipande vya popoo juu yake, vyote. Nikakunja...

Nikatia mdomoni.

"MAMA! Umekula popoo ya posa?!"

"Nimeila."

"Na sasa tutavunja na kugawana nini?!"

Nikatafuna. Ilikuwa nzuri, siyo kavu.

"Vunjeni safari. Waonyesheni wageni lifti."

Ketaki alicheka mpaka maua yakaanguka kichwani. Binti wa watu, alicheka kama aliyeteremshiwa mzigo.

Wakaondoka. Na msidhani nawachekesha: walipofika kwenye korido, lifti ya mbele ilikuwa imejaa wakazi na mizigo ya Diwali. Wakateremka na ile ya nyuma, pamoja na mapipa.

Asubuhi yake Rutvij akaandika tafakuri mpya. Eti "wazee wa nchi hii wanavyoua ndoto za vijana." Amepewa mioyo mingi kuliko ya yule bibi wa ufagio. Wapo waliolia. Mimi siwahesabu hao. Anayelishwa maneno matupu na kushiba, tumbo ni lake.

Shirish naye alininunia, akasema nimemwaibisha. Nikamwambia, "Tangazo litoke." Akasema litajadiliwa kwenye kikao cha wakazi. Basi nikamshika Shevanta mkono, mkono mzima, siyo vidole viwili, tukapanda lifti ya mbele. Nilikuwa na tambuu mdomoni. Tangazo lilikuwa karibu. Sikukusudia...

Nilikusudia.

Sasa halisomeki. Na kikao kitajadili doa jekundu.

Nawaambieni, nyie mnaopenda watu kwa maandishi. Anayesubiri kujua wewe ni nani ndipo akuheshimu, hajakuheshimu. Amekuogopa tu. Usimpime kwa anachoandika asubuhi akiwa amechana nywele. Mpime kwenye lifti, anapodhani hakuna mtu.

Ketaki amerudi kwenye masomo yake, na asubuhi sasa chai yangu naipata moto.

Na nyie vijana wa tafakuri, mkikutana na kibibi kimeshika ufagio, mtazameni usoni, tena vizuri.

Huwezi kujua kikatio cha popoo yako kiko kiunoni kwa nani.