Odi

Kompyuta ilikuwa imewaka, ilhali waya wake wa umeme ulining'inia ukingoni mwa meza, haujachomekwa popote. Kwenye kioo pameandikwa HODI. Chini yake mashine ikajibu yenyewe: KARIBU.

Fundi akauinua waya, akautazama, akauachia. Mchana aliwaandikia watu programu ofisini. Jioni alifufua kompyuta kuukuu, zile zinazosoma programu kutoka kwenye kaseti, hata mkewe akawa anaziita wake wenza. Hii ilikuwa ya binti yao. Programu ya kubisha hodi waliiandika pamoja, baba na mwana, kabla homa haijamchukua mtoto. Fundi aliitengeneza tena mashine kwa sababu ya kaseti iliyobeba programu hiyo tu. Alimkumbuka mno.

"Ni mwanetu," mkewe alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Si yeye, mke wangu. Yeye aliandika ODI. Ile H ilimshinda mpaka anatutoka."

Jioni iliyofuata kioo kikaandika ODI.

Kaseti ikaanza kupiga mayowe bila kuguswa na mtu, harufu ya udongo uliochimbuliwa ikajaa sebuleni, na vishindo vidogo vya miguu mitupu vikatoka pale mezani, vikapita ukumbini, vikasimama nje ya chumba cha mtoto, vikarudi, vikaanza upya, na kila vikirudi vilikuwa vizito zaidi, mpaka havikuwa tena vya mtoto yeyote.

Mganga waliyemwita alikataa hata kuketi.

"Semeni polepole," alisema. "Huyu jini anasikia, na akisikia anajifunza. Mgeni haondoki kwenye nyumba inayomkaribisha. Futa hiyo KARIBU."

"Ndiyo yote niliyobaki nayo ya mwanangu."

"Najua, baba. Pole sana. Futa."

Akafuta. Kaseti nayo akairekodi upya, tupu, toka mwanzo hadi mwisho, huku analia bila kujificha. Harufu ikaondoka. Mganga akaaga. Nyumba ikawa kimya, na kimya hicho kikamuuma Fundi kuliko hofu yote iliyopita.

Walipokuwa wamekaa kitandani, mlango wa chumba chao ukagongwa, chini, kwenye kimo cha mtoto.

"Odi," ikasema sauti ndogo.

Fundi akaruka kumziba mkewe mdomo. Alichelewa.

"Karibu, mwanangu," mama alikwisha kujibu.