Neno Lililokuja Kinyume

Soko lilikuwa limefurika siku fundi cherehani alipoingia duka la vitambaa kutafuta bitana. Muuzaji, binti wa gauni la njano na kilemba cha kijani, akampima kwa macho.

"Kaka, bitana hii ukiitia kwenye koti, hata aliyenuna atatabasamu."

"Na muuzaji naye anauzwa?"

"Huyo hakatwi kwa mita."

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni simu: "Umekula, moyo wangu?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

Jambo moja binti alilificha: ana kifafa. Alipoanguka tena bafuni, daktari akambadilishia dawa. Kuanguka kukakoma, yakaja mengine. Vidole vikafa ganzi, soda ikawa kama maji ya bomba, na yeye aliyeweza kuuza hata upepo, maneno yakaanza kumponyoka. Akitaka mkasi, anasema kijiko.

"Ni dawa hiyo," daktari alimwambia. "Ila usiiache ghafla, utaanguka vibaya. Tutaipunguza polepole."

Fundi akapiga simu. "Mpenzi, nije kwenu Jumapili nizungumze na mama?"

Binti alitaka kusema njoo. Alilitafuta, akalikaribia, mdomo ukatoa: "Nenda."

"Niende?"

"Nenda... nenda tu."

Alijisikia akilisema, kama mtu anayetazama chungu kikimwagika na mikono yake imefungwa. Simu ikakatika. Fundi hakupiga tena, na yeye akaogopa kupiga. Angetoa neno gani?

Dada yake alichoka kumwona akilia juu ya majora ya vitambaa, akaenda kwa fundi.

"Shemeji, ulimi hauna mfupa, lakini wa mdogo wangu sasa hauna hata mwenyewe." Akamweleza yote, ugonjwa na dawa.

Jumapili fundi akafika, shati limenyooka kwa pasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakimbia."

"Nilikimbia kwa sababu ulinifukuza."

Mama akamgeukia bintiye. "Mwanangu, huyu ni nani kwako? Nataka nisikie kinywani mwako."

Jasho likamtoka puani. "Ni... ni kifungo changu."

Mama akaduwaa. Fundi akainamisha kichwa kwa adabu. "Kifungo cha maisha, mama. Nimekubali hukumu, sikati rufaa."

Wakacheka mpaka dada akafuta machozi. Binti naye alicheka, amemshika fundi mkono kwa vidole visivyohisi vizuri, huku bado akilitafuta lile neno alilokusudia. Halikuja.