Safu ya Kutojua

Kibanda cha fotokopi cha soko la Mwanga kilikuwa kimefurika watu hadi barazani, na kijana wa mashine alikuwa akigawa karatasi bila kuangalia anayempa. Asia alikwishafika kituo cha bajaji alipogundua kwamba alizobeba si zake. Yeye alipeleka barua ya kuomba mkataba. Mkononi alikuwa na kurasa kumi na mbili za namba tupu, na juu yake namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu.

Akapiga palepale.

"Wewe ndiye mwenye mahesabu haya?"

"Na wewe ndiye Asia Athumani, mkalimani wa Kirundi na Kiha," sauti ikajibu. "Barua yako nzuri. Ila tarehe umekosea."

"Nani kakuruhusu uisome?"

"Nilikuwa nazitafuta zangu, dada. Nisamehe."

Alirudi sokoni akiwa amejiandaa kugomba, dera lake la zambarau likipepea kati ya mafungu ya dagaa. Akamkuta kijana mrefu, mwembamba, shati limenyooka kwa pasi, ila miguuni ana kandambili za bafuni. Ugomvi ukamwisha. Alicheka, na kijana naye akacheka bila kujua anachekwa nini.

Jina lake Luqman, mzaliwa wa Rusimbi, hapohapo Kigoma, mwalimu wa hisabati chuoni. Ulikuwa mwaka 2015, na meli ilikuwa ikishusha wakimbizi kutoka Burundi karibu kila siku. Asia alikuwa akiwatafsiria pale mapokezini, kwa shirika lililowahudumia. Luqman aliitwa na shirika lilelile afanye kazi moja: atengeneze njia ya kuamua ni watoto gani, kati ya waliofika bila hati, wakabidhiwe kwa watu wazima waliodai ni wao.

"Kwa namba?" Asia alimwuliza Ijumaa iliyofuata, wakila ugali wa muhogo na migebuka kwenye mgahawa mmoja wa Ujiji.

"Sikiliza kwanza, mama. Hesabu ya kawaida inataka kitu kiwe ndani au nje. Ndugu au si ndugu. Lakini watu hawako hivyo. Kwa hiyo tunapima kiasi, kila dai sehemu kumi. Ushahidi wa kukubali nauweka safu yake, wa kupinga safu yake. Nikizijumlisha, mara nyingi hazifiki kumi."

"Kinachobaki?"

"Hatujui. Nacho nakiandika, safu ya tatu. Mtu asiadhibiwe kwa sababu sisi hatujui. Safu hiyo ikiwa kubwa, watu wanarudi kumsikiliza upya."

Asia aliacha kutafuna. Miezi mingapi alikuwa ametafsiri maneno ya watu yakaishia kwenye kisanduku cha ndiyo au hapana. "Mwalimu," alisema, "huyo samaki wako anapoa." Lakini moyo wake ulikwishahama.

Wakaanza kupigiana simu asubuhi na jioni. "Umekula, laazizi?" "Nimekula, na wewe acha kuuliza kama daktari." Mama yake Asia akaanza kuguna kila simu ilipolia.

Kisha akaja Rozalia.

Alikuwa mama wa makamo, kitenge kimepauka, ameshika mkono wa mtoto wa miaka sita aitwaye Recho. Karani akauliza kama mtoto ni wake. Rozalia akajibu kwa Kirundi, Asia akatafsiri neno kwa neno: "Sikumzaa. Nimemlea. Mama yake alikuwa mke mwenzangu, amefariki." Hati hakuna.

Baada ya siku mbili jibu likatoka: haikubaliki. Recho alikuwa amekwishapelekwa kwenye nyumba ya watoto wasio na ndugu. Rozalia hakulia. Alimtazama Asia usoni na kumwuliza, "Wewe uliwaambia nini?"

Swali lile lilimchoma. Akaenda ofisini, akafungua jalada. Kukubali, tano. Kupinga, tano. Chini, sahihi ya Luqman.

Akampigia akiwa amesimama juani.

"Nani amempinga Rozalia sehemu tano?"

Luqman akajibu: "Iliyompinga ni sehemu moja tu. Nne zilikuwa za kutojua. Oswald ameifuta ile safu."

Oswald alikuwa mratibu wa shirika pale Kigoma.

"Anasema wakubwa hawana muda wa mambo ya katikati. Kisichojulikana kihesabiwe kupinga, na kukubali kusipozidi nusu mtoto hatolewi."

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

"Siku tisa unanipigia kuniuliza kama nimekula."

"Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza taratibu, Asia."

"Taratibu. Yule mama analala sakafuni bila mwanawe, amini usiamini anadhani mimi ndiye nimemsaliti, na wewe unafanya taratibu. Oswald nilimjua alivyo. Wewe nilidhani nakujua. Usinipigie tena."

Hakupiga. Ila keshokutwa yake, kwenye kikao cha asubuhi, Luqman aliingia bila kuitwa. Asia alikuwa amekaa na wakalimani wenzake. Afisa wa serikali alikuwepo.

"Majalada arobaini na moja yamekataliwa kwa hesabu yenye sahihi yangu," Luqman alisema. "Hesabu hiyo imekatwa kipande. Niliona, nikanyamaza. Naomba yafunguliwe upya."

"Mkataba wako ni kunishauri mimi, si kuhutubia ukumbi," Oswald akasema.

"Basi mkataba uishe leo."

Akavua kitambulisho, akakiweka mezani, akatoka. Afisa aliomba kuona safu iliyofutwa. Aliisoma kwa muda mrefu, kisha akaagiza majalada yote yarudiwe.

Jalada la Rozalia Asia aliomba alishughulikie yeye mwenyewe. Akamwuliza maswali ambayo fomu haikuwa nayo: mtoto anaogopa nini, analalaje, anakula nini.

"Yai hali," Rozalia alisema. "Ukimpa atasema ameshiba, halafu analificha kwenye nguo."

Mlezi wa nyumba ya watoto alipoulizwa, alishika kiuno. Wiki nzima alikuwa akiokota mayai kwenye nguo za Recho. Jioni ile mtoto alirudishwa, na Rozalia akamshika Asia mkono.

Jumapili Luqman alikuja Ujiji, nyumbani kwa kina Asia. Asia alimpokea uani, hakumkaribisha kiti.

"Zile siku tisa sijazisamehe."

"Usizisamehe. Nimekuja kukuomba nilete posa, hata kama bado umekasirika."

Asia alimtazama. Kazi hana, usingizi hana. Hakuna aliyemlazimisha kusema aliyoyasema mbele ya watu.

"Utamweleza baba kila kitu? Wewe mwenyewe, si mshenga?"

"Mimi mwenyewe."

Alieleza. Mzee Athumani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wale watoto wote wamepata watu wao.

"Bado saba, Mzee. Sitakudanganya, bado saba."

"Basi rudi tuzungumze posa baada ya hao saba."

Nyuma ya pazia, Asia alimkasirikia baba yake kwa muda wa kufika jikoni tu. Kisha akampigia Luqman, ambaye hata uchochoro hakuwa ameumaliza.

"Kesho saa mbili uwe pale mlangoni pa ofisi. Kati ya hao saba, tunaanza na wale wawili mapacha."

"Nitaingiaje? Kitambulisho sina."

"Utaingia na mimi."